Sweta Iliyokuwa Iende Ujerumani

Niliombewa Jumapili moja ya Agosti, kanisa zima likiwa limeninyooshea mikono, na hadi ninapoandika haya sijaenda popote.

Kwetu Mutuini, pembezoni mwa Nairobi, mtu hasafiri kimyakimya. Ukipata safari ya ng'ambo, hata kama ni ya miezi michache, unaitwa mbele wakati wa ibada, unapiga magoti kwenye zulia, na mchungaji anakushika kichwa kwa viganja viwili kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Mama ndiye aliyenisindikiza hadi mbele. Alikuwa amevaa kitambaa cheupe cha umoja wa akina mama, na alitembea polepole kuliko kawaida yake, ili kila mtu apate nafasi ya kutuona. Nilipopiga magoti nilisikia akilia nyuma yangu. Alikuwa akilia kwa furaha, na mimi nilifunga macho nikafurahi naye.

Nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja cha katikati ya jiji, nikisomea siasa, jamii na lugha za Ulaya. Jina la kozi lilikuwa refu mno kwa watu wa kwetu, kwa hiyo walilifupisha. "Anasomea Wazungu," walisema. Mjomba wangu, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliniuliza siku moja mbele ya wageni, "Na hii siasa ya hapa umemaliza kuielewa?" Watu walicheka hadi chai ikamwagika. Nilicheka pia, lakini moyoni nilikuwa nimekasirika. Wasichana niliomaliza nao shule walisomea uuguzi na uhasibu. Anayesomea uuguzi haulizwi atakuwa nani.

Ukweli ni kwamba nilipenda masomo yale kupita kiasi. Nilipenda kusoma jinsi vyama vya huko vinavyoweza kukaa miezi vikijadiliana kabla ya kuunda serikali, na nilipomweleza Baba alitikisa kichwa akasema hapa kazi hiyo huisha kwa kikombe kimoja cha chai. Nilipenda hata somo la jamii, tulipofundishwa kuhusu wazee wanaoishi peke yao kwenye nyumba za ghorofa, wasiojua jina la jirani. Darasa zima tuliguna kwa huruma. Niliandika insha ndefu juu ya jambo hilo na nikasifiwa.

Lakini zaidi nilipenda Kijerumani. Mwalimu wetu alikuwa Mkenya aliyeishi huko miaka mingi, mtu wa kukunja shati mikono na kutembea kati ya madawati. Siku moja alitufundisha kupokea simu. Alisema kule, hasa simu ya nyumbani, anayeinua hasemi haloo akangoja. Anasema jina lake kwanza. Tukashangaa. Sisi tumezoea kuinua simu kama watu wanaodaiwa: haloo, nani, umepata wapi hii namba? Kujitaja mwenyewe kabla ya kujua unaongea na nani kulionekana ujinga mtupu. Mwalimu akatushikisha kalamu masikioni na kutuzungukia mmoja mmoja, kila mtu akitaja jina lake hewani, tukacheka hadi machozi. Nilikuwa hodari sana wa kujibu simu za kalamu.

Ndipo zikaja nafasi za kusoma muhula mmoja katika chuo kimoja cha Ujerumani, na jina langu likawa miongoni mwa waliochaguliwa. Nilimwambia Mama jioni hiyo. Kufikia asubuhi mtaa wote ulijua, na wiki mbili baadaye nilikuwa nimepiga magoti kwenye zulia. Mwenzangu mmoja darasani alinionya tungoje kwanza kila kitu kikamilike. Nilimwona kama mtu mwenye wivu.

Baada ya ibada watu walikuja nyumbani kula, na walipokuja walileta vifurushi. Hii nayo ni desturi yetu. Mtu akisafiri, kila mwenye mtoto ng'ambo anakumbuka kwamba mtoto huyo anakosa kitu fulani cha nyumbani. Haijalishi kwamba mtoto yuko mji mwingine, au nchi nyingine kabisa. Ulaya ni Ulaya, mtakutana. Nilipewa majani ya chai, unga wa wimbi, maharage meusi ya njahi, pilipili ya kusaga, na chupa ya asali iliyofungwa kwa magazeti na mifuko mpaka ikawa na ukubwa wa mtoto mchanga. Mama alivipanga vyote ndani ya sanduku jipya la buluu. Nguo zangu mwenyewe zilibaki nje kwa sababu nafasi iliisha.

Wa mwisho kufika alikuwa jirani yetu wa upande wa bondeni, mama mzee ambaye sote tunamwita Shosho, yaani bibi, ingawa si wa ukoo wetu. Anaishi peke yake na ng'ombe mmoja, katikati ya nyumba za kupangisha ambazo kila mtu amejenga isipokuwa yeye. Mwanawe wa pekee alikwenda Ujerumani kusoma nilipokuwa bado mtoto. Mwanzoni alikuwa akipiga simu kila mwezi, baadaye Krismasi tu, kisha akanyamaza. Shosho alinipa sweta ya kiume rangi ya maruni aliyoifuma mwenyewe, pamoja na namba ya simu ya mezani ya kwa mwanawe, aliyoletewa na mtu aliyerudi kutoka huko. Simu yake ndogo haikuweza kupiga nje ya nchi. Alinishika mkono akanivuta pembeni.

"Ukimwona usimuulize mambo mingi," aliniambia. "Muangalie tu kama amekonda. Halafu uniambie."

Nilimwahidi. Niliahidi kwa wepesi, mdomo ukiwa na chapati.

Habari ya kwamba siendi ilinipata nikiwa Kilimani, karibu na katikati ya jiji, kwa binamu yangu, nikijaribu koti zito la mtumba mbele ya kioo chake. Chuo cha huko kilikuwa kimepunguza nafasi, na waliochujwa ni sisi wa mwisho kwenye orodha. Barua pepe ilikuwa ya adabu sana. Niliisoma nikiwa nimevaa koti, jasho likinitoka, na nilipompigia Mama sikuweza kusema hadi alipodhani kuna mtu amekufa. Nilipomweleza nilisikia akifunga mlango. Halafu akasema, kwa sauti ya chini kama kuna mtu anamsikiliza, "Kaa huko kwanza. Usikuje sai. Wacha nifikirie."

Alifikiria muhula mzima. Sikwenda Ujerumani na sikurudi Mutuini. Niliishi Kilimani, kwenye kochi la binamu yangu, nikienda darasani na kurudi. Mama akiulizwa kanisani alijibu, "Anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu." Maneno hayo hayakuwa na uongo ndani yake, maana kweli nilikuwa naendelea vizuri, nilikuwa nala na kulala. Lakini kila alipoyasema alinipigia simu kuniambia ameyasema, na mimi nilitamani sakafu ipasuke. Baba alianza kwenda ibada ya kwanza, ile ya alfajiri, ambayo watu huwa wachache.

Binamu yangu, anayefanya kazi ya matangazo na hana subira na mambo ya kijijini, alinicheka waziwazi.

"Sasa unahide nani?" aliniuliza. "Hii Nairobi nani ako na time yako? Toka nje, bana. Utaoza kwa hiyo kochi."

Sikutoka. Kama ni lazima nitoke nilivaa kofia. Nilikuwa na aibu ya ajabu, aibu isiyo na kosa. Sikuwa nimeiba, sikuwa nimefeli, nafasi tu zilikuwa zimepungua. Hata hivyo nilijisikia kama mtu aliyekula cha wenyewe. Nilikuwa nimepokea mikono yote ile iliyonyooshwa, nikaila, na sikuwa na la kuonyesha. Darasani tulikuwa tukijifunza kuhusu wahamiaji katika miji ya Ulaya, jinsi wengine wao wanavyoacha kuwasiliana na nyumbani mambo yakiwaendea kombo. Niliandika maelezo yote bila kujiuliza kwa nini ninayaelewa haraka hivyo.

Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa letu ndiye aliyenikamata. Nilikuwa Westlands, nimetoka mazoezi ya kuzungumza Kijerumani, nimesimama kando ya barabara nikila smoki, ile soseji ya kuuzwa njiani, yenye kachumbari, na nilikuwa nimevua kofia kwa sababu ya joto. Nilihisi mkono begani.

"Haki ni wewe?"

"Ni mimi, auntie."

"Umerudi lini?"

Ningeweza kusema jana. Neno lilikuwa tayari mdomoni, pamoja na kitunguu. Lakini alikuwa akinitazama kwa furaha kubwa, furaha ya mtu anayeona maombi yake yamejibiwa na msafiri amerudi salama, na nikashindwa.

"Sikuenda," nilisema.

"Hukuenda wapi?"

"Ujerumani, auntie. Sikuenda kabisa."

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni, kisha akaitazama ile smoki. "Na tulikuombea," alisema polepole, kama mtu aliyekumbuka njiani kwamba ameacha sufuria motoni. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alinipangusa kachumbari kidevuni kwa leso yake, akavuka barabara akaenda zake. Kabla sijafika Kilimani Mama alikuwa ameshapigiwa.

Nilirudi nyumbani siku ya pili. Mama alikuwa jikoni akimenya viazi, na hakuinua macho.

"Kesho uanze kurudisha vitu za watu," alisema.

"Peke yangu?"

"Kwani ni mimi niliombewa?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nilitaka kumkumbusha ni nani aliyekimbilia kanisani kabla hata sijashika tikiti. Kisha nikaona jinsi alivyokuwa akimenya, akiondoa nyama nyingi pamoja na maganda, yeye ambaye hunigombeza nikipoteza hata kidogo. Nikachukua kisu kingine nikamsaidia. Tulimenya viazi vingi kuliko tulivyohitaji.

Nilirudisha vifurushi nyumba kwa nyumba. Watu walikuwa wema, wema uliochosha. Wengine walisema ni mpango wa Mungu. Mmoja alisema bora nimerudi mzima, na sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba sikuwa nimetoka. Mwenye asali aliifungua pale pale, akanipa kijiko nionje kama bado ni nzuri. Nilipita njia za nyuma, kati ya mabanda na majani ya ng'ombe, ili nisionekane na wale vijana wa boda boda wa stejini, waliokuwa wameanza kuniita Mjerumani.

Kwa Shosho nilikwenda mwisho. Nilikuwa nimeahirisha kwa visingizio vingi. Wengine wote nilikuwa nawanyang'anya safari tu, lakini yeye nilikuwa nampokonya njia pekee ya kujua kama mwanawe yu mzima. Nilipitia nyuma, kwa ng'ombe, nikamkuta ameketi kwenye kigoda mlangoni.

Tulianza kwa Kikuyu. Mimi Kikuyu changu huisha haraka, na kilipoisha yeye alihamia Kiswahili, kama kawaida yake, bila kunisema. Nilimpa sweta, na namba ya simu ikiwa bado imekunjwa ndani yake. Nilimwambia samahani, sikuenda, sikumwona mtu. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali alilouliza.

"Lakini hiyo Kijerumani si ulisoma?"

"Nilisoma, Shosho."

"Na kwani lazima uende ndio uongee? Simu yako haiwezi fika?"

Muhula mzima nilikuwa nimejificha na namba ile ikiwa ndani ya sanduku la buluu, na sikuwahi kufikiria kuipiga. Nilikuwa nimeshughulika mno na aibu yangu.

Tuliingia ndani. Niliketi kwenye kochi lililofunikwa vitambaa alivyofuma, nikapiga, nikaweka sauti ya nje ili naye asikie. Iliita kwa muda mrefu. Kisha mtu akainua, na sauti ya mtoto wa kike, ndogo na yenye kujiamini, ikataja jina.

Lilikuwa jina la Shosho. Jina lake lenyewe, la Kikuyu, ambalo pale mtaani halitumiki tena kwa sababu wote waliokuwa wakimwita hivyo wameshazikwa.

"Eeh, ni mimi," Shosho akajibu, akiinama kuelekea simu. "Ni mimi. Nani huyo?"

Mimi nilikuwa nimeelewa. Nilijitambulisha kwa Kijerumani, nikasema napiga kutoka Nairobi, nikauliza kama baba yake yupo. Mtoto akaita. Nilisikia sauti ya mwanamume kutoka chumba kingine ikiuliza ni nani. Mtoto akamjibu kwamba ni mtu wa Nairobi. Halafu yule mwanamume akasema maneno machache, kwa sauti ya chini, na nikayasikia yote.

Mtoto alirudi kwenye simu. Alikuwa bado katika umri wa kutojua kudanganya. "Baba anasema hayupo," aliniambia, akaaga kwa adabu, akakata.

Shosho alikuwa amenishika goti.

"Hiyo ilikuwa yeye," alisema. "Huko nyuma. Nimemsikia. Amesema nini?"

Ningeweza kusema lolote. Katika nyumba ile hakukuwa na mwingine wa kunisahihisha. Nilifikiria kusema ana kazi nyingi, au atapiga baadaye, au anasalimia. Lakini nilikuwa nimechoka na maneno ya aina hiyo, yale ya anaendelea vizuri, tunamshukuru Mungu. Niliangalia sakafu.

"Amemwambia mtoto aseme hayupo, Shosho."

Sijawahi kuona aibu kama ile, na haikuwa hata yangu. Nilimwonea haya yule mwanamume nisiyemjua, nikajionea haya mimi niliyeyaleta maneno yake hadi pale kwenye kochi. Nje ng'ombe alikuwa akigonga debe lake tupu.

"Na huyo mtoto ni nani?"

"Ni wake. Amemwita baba."

"Sasa jina yangu alijua aje? Alijuaje ni mimi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwamba kule mtu akiinua simu ya nyumbani hataji jina la anayepiga, anataja lake. Mtoto hakuwa akimwita yeyote. Alikuwa akijitaja.

Sikuhitaji kumweleza zaidi. Kwetu binti wa kwanza huitwa kwa jina la mama ya baba yake, na Shosho alijua hivyo kabla mimi sijazaliwa. Aliweka kiganja mdomoni. Mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe alikuwa anacheka.

"Kumbe alinizaa huko," alisema.

"Na bado anasema hayupo," nilisema. Hasira ilikuwa imenipanda ghafla. "Mtu mzima, anajificha nyuma ya mtoto."

"Wacha," Shosho alisema. "Si hata wewe ulikuwa hauko, na ulikuwa hapa tu Kilimani?"

Hakusema kwa ubaya. Alisema huku akivuta sweta ile ya maruni mapajani mwake na kutafuta ncha ya uzi kwenye ukosi. "Ako na aibu. Hajui aanzie wapi. Na wewe leo umepitia wapi kuja kwangu?"

"Nyuma," nilijibu.

"Kwa ng'ombe. Nilikuona."

Aliikata ncha kwa meno, akavuta, na mkono wa sweta ukaanza kufumuka safu kwa safu. Alinipa uzi nimshikie, nikaunyoosha kati ya mikono yangu miwili huku yeye akiuzungusha.

"Huyo mtoto ako size gani?"

"Sijui, Shosho. Sijamwona."

"Lakini umesikia sauti."

Nilisimama, uzi ukiwa bado mikononi, nikakisia urefu kutoka sakafuni. Nikashusha kidogo. Shosho alitazama, akainamisha kichwa upande mmoja, akanipandishia mikono kidogo, akaridhika.

"Jumamosi ukuje tupige tena," alisema. "Akishika yeye, usimuulize baba yake. Muulize tu kama anapenda maruni."

Nilirudi nyumbani kwa barabara kubwa, nikapita mbele ya vijana wa stejini, wakaniita Mjerumani. Nilikuwa nikitafuta kichwani neno la Kijerumani la rangi hiyo, na sikulipata.